Gari la Kasi na Vumbi la Kilombero

Mtu anunuapo gari huuliza linakula mafuta kiasi gani. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza linavuta hewa kiasi gani, ilhali katika injini ya petroli hewa ndiyo chakula chenyewe na mafuta ni kitoweo tu. Ili petroli iungue sawasawa, yatakiwa ichanganywe na hewa yenye uzito unaokaribia mara 15 ya uzito wake. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Kwa hiyo yahitaji karibu kilo 11 za hewa. Katika joto la Ifakara, ambako mita moja ya ujazo ya hewa huzidi kilo moja kwa kiasi kidogo, hizo ni mita za ujazo zipatazo tisa na nusu. Lita moja ya mafuta, lita 9,500 za hewa.

Hebu tuendelee na hesabu hii kidogo. Gari linalotumia lita moja kwa kila kilomita 8 za barabara mbovu, likisafiri kilomita 100 litakuwa limevuta mita za ujazo karibu 120, yaani hewa ya kujaza vyumba viwili na nusu vyenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Sasa tuchukulie kuwa ni wakati wa kiangazi, barabara haina lami, na mbele yako kuna lori. Tuchukulie tena kuwa kila mita ya ujazo ya hewa ile imebeba nusu gramu ya vumbi. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri nyuma ya lori mwezi Septemba hataniona nimetia chumvi. Katika safari hiyo moja injini itakuwa imeletewa mlangoni gramu 60 za mchanga laini, kama vijiko vinne vya chakula. Vijiko hivyo vinne huenda wapi? Swali hilo nimelifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini lilinijia kwa uzito wake wote siku lilipoingia katika ukoo wangu.

WITO WA DADA

Mwezi Septemba 2019 dada yangu aishiye Ifakara alinipigia simu Dar es Salaam. Mwanawe, ambaye hununua mpunga Lupiro na Mngeta na kuuza mchele mjini, alikuwa amenunua gari kwa faida ya misimu miwili. Gari halikutimiza miezi mitano mikononi mwake, na sasa lilikuwa limepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba.

"Kaka," dada alisema, "wewe ulikaa Ujerumani miaka mitano ukisomea injini. Njoo umwambie mpwao aliuze dude hili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Novemba nataka trekta shambani, na fedha ya trekta ndiyo hiyo iliyolala juu ya mawe."

Shamba lenyewe ni ekari sita za mpunga. Wanaolijua bonde la Kilombero wanajua kuwa mvua zikianza kabla ardhi haijatifuliwa, trekta halingii tena, na mwaka umekwenda. Kwa hiyo nilipoondoka Dar es Salaam sikuwa nakwenda kutazama gari tu. Nilikuwa nakwenda kuamua baina ya mama na mtoto, na muda wa kuamua ulikuwa majuma machache.

Barabara ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, leo ina lami. Mwaka ule ilikuwa bado inajengwa, nasi tulipita katika vichepuo vyake tukiwa tumefunga vioo. Ng'ambo ya Ifakara mambo yalikuwa vivyo hivyo. Daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilikuwa limezinduliwa mwezi Mei 2018, na foleni ya kivuko ikawa historia. Daraja lilimfungulia mpwa wangu njia ya Ulanga saa yoyote ya mchana au usiku. Halikumpunguzia vumbi hata chembe, bali lilimwongezea, kwa kuwa sasa malori yalipita mengi zaidi.

Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX la mwaka 2001, lililoletwa likiwa limetumika kutoka Japani. (Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari yao yaliyotumika kujaa kwetu, usukani uko mahali pake.) Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,994. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na nguvu za farasi 250, nazo zilikuwa nyingi mno kwa njia ya Lupiro. Hata hivyo mwenye gari wa kwanza, kijana wa Dar es Salaam, hakuridhika. Aliondoa sanduku la chujio la hewa na kufunga chujio la wazi lenye umbo la pia, alipanua bomba la moshi, alipandisha mgandamizo wa tabo, akakata springi ili gari likae chini. Mpwa wangu alilinunua pamoja na sifa zake zote hizo.

"Shikamoo mjomba. Likiondoka utadhani ndege," aliniambia, amesimama kando ya gari ambalo halikuweza kuondoka juu ya mawe.

Naomba nikiri mapema: nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni nami niliugua ugonjwa huu, na sehemu isiyokuwa ndogo ya posho yangu iliishia katika gari kuukuu lililokwenda kwa kasi nisiyoihitaji. Sikuwa hakimu asiye na upande.

KAZI YA TABO

Mafundi wetu huita tabo chombo kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Moshi unaotoka katika silinda ukiwa na joto la mamia ya digrii, katika injini iliyobanwa hata zaidi ya digrii 800 za Sentigredi, hupitishwa katika gurudumu dogo la mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mfupi na gurudumu jingine, ambalo hunyonya hewa safi na kuisukumiza ndani. Nguvu ambayo ingepotea pamoja na moshi inarudishwa kazini. Injini ya lita mbili hupata hewa ya injini kubwa zaidi, nayo huweza kuunguza mafuta ya injini kubwa zaidi.

Mhimili ule huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo chuma hakiwezi kugusa chuma hata kwa nukta moja. Mhimili unaelea juu ya utando wa oili ambao ni mwembamba kuliko unywele. Chembe ya mchanga iliyoingia katika oili hiyo haielei. Mchanga mwingi ni kwatsi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hupewa namba 7, na metali laini za beringi haziufikii ugumu huo hata kwa mbali. Chembe zenye madhara makubwa si zile tunazozisikia zikichakarika katika meno baada ya safari. Ni zile za mikromita 5 hadi 20 ambazo jicho halizioni, kwa sababu ndizo zinazotosha kupenya ndani ya utando wa oili na bado ni nene kiasi cha kugusa pande zote mbili kwa pamoja.

Nilipokuwa maabara Ujerumani tulijaribu machujio kwa vumbi la kununua. Naam, vumbi lina soko lake: hutoka katika jangwa la Arizona, Marekani, huchekechwa kwa viwango vya kimataifa, hufungwa katika makopo na kuuzwa kwa wenye maabara duniani kote. Vumbi la Kilombero halimo katika makopo hayo. Nilikumbuka jambo hili nilipofungua bomba la hewa la gari la mpwa wangu na kupitisha kidole ndani yake. Kidole kilitoka chekundu.

VIPIMO CHINI YA MWEMBE

Karakana tuliyokwenda haina ukuta. Fundi wake ni mzee aliyepita miaka sitini, na kazi alianza kuijua akiwa kijana Mang'ula. Wasomaji vijana huenda hawajui kuwa Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 walikuwa na kambi kubwa pale Mang'ula, pamoja na karakana ya mashine, na kwamba karakana hiyo ilibaki kuwa kiwanda cha umma cha kutengeneza mashine na vipuri. Nchi ilipokosa fedha za kigeni katika miaka ile ya mwisho wa 1970 na mwanzo wa 1980, gari lingeweza kulala mwaka mzima kwa kukosa gurudumu moja la meno, na mtu aliyeweza kulikereza gurudumu hilo alikuwa mtu wa heshima. Baadaye kiwanda kilibinafsishwa na mashine zikanyamaza. Ujuzi haukunyamaza, ulihamia chini ya miembe kama huu.

Mzee hakufungua injini. Kwanza alivua kifuniko cha tabo upande wa hewa safi, akaniita. Ncha za mapanga, ambazo zikiwa mpya huwa zimenyooka na zina unene unaoonekana, zilikuwa zimelika na kuwa kali kama wembe wa zamani.

"Daktari," alisema, "hapa mchanga umepita kama msasa."

Baada ya hapo tulipima mgandamizo wa silinda. Kipimo ni rahisi: plagi zote hutolewa, saa ya mgandamizo hufungwa katika tundu la plagi, injini huzungushwa kwa stata. Injini ya namna hii ikiwa na afya hutoa kilo 10 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba, na silinda zake zote hukaribiana. Tulipata 8.5, 8, 8.2 na 6. Katika injini iliyosimama wima fundi angetia oili kidogo ndani ya silinda dhaifu na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni ndizo zilizolika, na usipopanda, tatizo liko kwenye vali. Katika injini iliyolala kipimo hiki hudanganya, kwa sababu oili hukaa upande wa chini tu wa silinda na sehemu ya juu hubaki kavu. Vijana wengi wa karakana hawalijui jambo hili. Mzee alilijua, nami sikumweleza lolote.

Tulipomwaga oili tuliona kinachong'aa ndani yake kama unga wa fedha. Ile ilikuwa metali ya beringi za konrodi. Hadithi nzima ikawa imekamilika mbele yetu: vumbi liliingia kupitia chujio la wazi, likalamba mapanga ya tabo, likala ringi na kuta za silinda, likateremka na oili hadi kwenye beringi.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo ni la mafuta. Injini hii ilipangwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo okteni yake kwa kiwango cha nchi ile haipungui 96. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: petroli isiyo na uvumilivu hulipuka yenyewe ndani ya silinda kabla ya moto wa plagi kuifikia kwa utaratibu wake, na mlipuko huo husikika kama kokoto ndani ya kopo. Tabo iliyopandishwa mgandamizo huongeza joto, na joto huongeza kokoto. Mpwa wangu, akiishiwa mafuta njiani, alikuwa akinunua petroli ya kwenye chupa za plastiki kando ya barabara. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri nchini hata ikalazimu kuanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuondoa kishawishi. Petroli ya chupa haina njia ya kujulikana imepitia mikono mingapi. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia kokoto.

"Nilizisikia, mjomba. Nikaongeza sauti ya redio."

VIPURI VYA KWELI NA VYA UONGO

Hapa ndipo penye uchungu wa mambo. Kabla sijaitwa, mpwa wangu alikuwa ameshanunua seti ya beringi kutoka duka moja Dar es Salaam, baada ya fundi mwingine kumwambia ndizo zilizokufa. Sanduku lilikuwa zuri, maandishi yake yamenyooka, bei yake ya kutoa machozi. Nilikuwa nimekuja na mikromita ya chuo. Tulipima unene wa nusu-beringi zote nane, kila moja mahali palepale, katikati ya upinde. Tofauti kati ya nyembamba na nene ilikuwa milimita 0.03.

Msomaji asiyezoea karakana ataona hicho ni kitu kidogo. Lakini nafasi inayotakiwa baina ya beringi na krenki ni kama milimita 0.02 hadi 0.05. Tofauti ya 0.03 ndani ya seti moja maana yake ni kwamba konrodi moja ingebana na kuungua, na nyingine ingecheza na kugonga. Beringi zile zingefungwa, gari lingewaka, lingekwenda labda hadi Lupiro, na konrodi ingetoboa ubavu wa injini. Tulimpigia simu mwenye duka. Alijibu kuwa kitu kikishatoka dukani hakirudi. Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza akiwa na ungo mapajani, aliinuka akaingia ndani bila kusema neno. Fedha ile peke yake ingelima ekari mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kipuri cha uongo hustawi zaidi katika magari ya namna hii kuliko katika magari ya kawaida. Nadhani sababu ni kwamba mwenye gari lililobadilishwa hanunui kwa namba, ananunua kwa jina na sifa. Huomba "beringi za Subaru ya tabo" kana kwamba Subaru ya tabo ni moja. Injini zinazoitwa EJ20 zilitengenezwa kwa miaka mingi katika namna nyingi. Ukubwa ni uleule, lakini vichwa, vali, pistoni na vihisio hutofautiana. Jambo la kwanza basi si kwenda dukani, bali kufuta uchafu na kusoma namba: namba ya chesisi, namba ya modeli katika kibati cha chumba cha injini, na alama ya injini yenyewe. Yetu ilikuwa EJ205.

Na namba hiyo ilitufungulia mlango. Injini ya EJ205 haikufungwa katika Impreza tu. Forester nyingi zenye tabo zilizouzwa Japani katika miaka hiyo zina injini hiyohiyo, na Forester ni gari la watu wenye familia, ambao hawakati springi wala hawaondoi chujio. Gari la kasi adimu lina ndugu yake mpole barabarani, na ndugu huyo akipata ajali, viungo vyake vinafaa. Mpwa wangu aliwapigia simu mafundi wote aliowajua, na siku ya tatu tulipata habari za Forester iliyogongwa ubavuni, imelala katika yadi moja mjini Morogoro. Tuliomba picha ya namba kwa simu. Nilikwenda mwenyewe, nikapima mgandamizo kabla ya kutoa shilingi. Kilo 10.5, 10.4, 10.6, 10.4. Tulinunua injini nzima pamoja na tabo yake na sanduku la chujio, na juu yake tukachukua springi na shokomzoba, kwa kuwa miguu ya Forester hukubali kukaa katika Impreza ya kizazi kile na kuinyanyua kutoka ardhini. Mzigo mkubwa ulikuja kwa lori la mchele lililokuwa likirudi tupu. Gasketi na vitu vidogo vilikuja kwa basi, mikononi mwa kondakta.

Fedha ilitoka wapi? Mpwa wangu aliuza kwa vijana wenzake wa Dar es Salaam zile rimu pana, bomba nene la moshi na lile chujio la pia. Vilinunuliwa kwa siku mbili. Nilistaajabu kidogo kuona kwamba kilichoua gari ndicho kilichokuwa na soko.

MIZANI YA SAMAKI

Injini ilipokuwa imefunguliwa kubadilishwa mihuri na gasketi, tulikwama. Boliti za injini haziwi imara kwa kukazwa sana, bali kwa kukazwa kwa kiasi kilichoandikwa, na spana yenye kipimo cha mkazo haikuwapo karakanani. Iliyokuwapo mjini ilikuwa imeazimwa. Nilipendekeza tusubiri. Mzee akamtuma kijana sokoni, naye akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya springi wanayopimia kambale.

Mkazo ni zao la kani na urefu wa mkono. Tuseme kitabu kinataka Nyutoni-mita 49. Mkono wa spana uliochomekwa bomba ili uwe nusu mita kamili, ukivutwa kwa mizani iliyofungwa mwishoni mwake, utatoa mkazo huo mizani isomapo kilo 10. Kwa maana kilo 10 ni Nyutoni 98, na nusu ya 98 ni 49. Masharti ni mawili: mizani ivutwe kwa pembe mraba na mkono wa spana, na iwe imehakikiwa. Tuliihakiki kwa kuitundikia ndoo ya maji ya lita 10 na kutoa uzito wa ndoo tupu. Ilizidisha robo kilo. Mzee alicheka akasema sasa anajua kwa nini samaki wa soko lile ni wepesi wakifika nyumbani.

Sijaona aibu kueleza jambo hili mbele ya wahandisi wenzangu. Spana zetu za kipimo vyuoni zina vyeti, na baadhi yake hazijahakikiwa tangu zifike.

WALIOTANGULIA

Tatizo la vumbi na gari la kasi si geni Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa kwa hakika maabara kubwa ya barabarani. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, fundi kwa kazi yake, alishinda akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla yake. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwa Bert Shankland na mwenzake Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404, gari ambalo wakati ule lilikuwa pia teksi na gari la mwenye duka. Sioni kwamba ni ajali. Gari ambalo vipuri vyake viko katika kila mji lina nafasi ya kufika.

Lililonihusu zaidi ni jambo la baadaye. Katika miaka ya 1990 timu kubwa za Ulaya na Japani zilipokuja Safari, ziliyafungia magari yao bomba refu la kupumulia, linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Subaru Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997 ilikuwa na bomba hilo. Lilikuwa la kuvukia maji, lakini lina faida nyingine: vumbi zito huwa chini, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa safi zaidi. Kijana wa Dar es Salaam aliyebandika chujio la wazi nyuma ya taa, karibu na gurudumu, alikuwa akiiga magari ya mashindano. Ila aliiga yale ya barabara za lami.

Nilimwonyesha mzee picha. Alitazama, akasema bomba ni kazi ya asubuhi moja, lakini yeye angeongeza kitu juu yake. Akanipeleka nyuma ya karakana kwenye mzoga wa trekta la Massey Ferguson, akagonga lile bakuli lililo juu ya bomba lake la hewa. Bakuli hilo huizungusha hewa inayoingia, na kwa kuzunguka chembe nzito hutupwa ukutani na kuanguka chini kabla hazijafika kwenye chujio. Halina karatasi, halizibi, halinunuliwi.

Hapo nikafanya hesabu, na kwa mara ya kwanza nikampinga. Trekta la lita mbili na nusu linalozunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta mita za ujazo 2.5 kwa dakika. Injini ya lita mbili bila tabo, kwa mizunguko 6,000, huvuta 6. Ukiongeza tabo, huenda ikafika 10. Na upinzani wa bomba hukua kwa mraba wa mwendo: hewa ikiwa maradufu, upinzani huwa mara nne. Tulipima kwa mpira mwangavu uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji ya rangi. Kwa mizunguko 3,000 maji yalitofautiana sentimita 12. Kwa maradufu ya hewa ile yangekuwa sentimita 48, na tabo ingekuwa inahema kama mtu aliyezibwa pua. Mzee alitafakari kidogo, akasema bakuli la lori basi. Lilipatikana kwa muuza vyuma chakavu; kwa mizunguko ileile 3,000 maji yalitofautiana sentimita 3.

Mgandamizo wa tabo tuliurudisha ulivyotoka kiwandani, na chujio la karatasi likarudi ndani ya sanduku lake. Nilimwonya mpwa wangu asilipulize kwa upepo wa kompresa kila juma, wala asiligonge kwenye tairi. Chujio la karatasi lenye vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia huziba vitundu vikubwa. Kulipuliza ovyo ni kulitoboa. Likizidi kuziba, hubadilishwa.

Mwishoni mwa Oktoba gari liliwaka. Kwa fedha iliyosalia ya rimu na bomba, trekta lilitifua ekari nne kabla ya mvua. Mbili zilibaki majani mwaka ule, na dada yangu hajaacha kuzitaja. Mpwa wangu alilikodisha gari kwa harusi na kulibebea wanunuzi wa mchele, si magunia.

Aliporudi safari ya kwanza ya Mahenge, tulifungua bakuli. Tulipeleka kilichokuwamo kwa sonara, kwa kuwa mizani ya samaki haikutosha kukipima: gramu 23. Mzee alikitia katika kopo la maziwa, akalifunga kwa karatasi ya nailoni na mpira wa tairi, akanikabidhi.

"Wapelekee Wajerumani wako," alisema, "uwaambie hili ni la Kilombero, nao walinunue."

Kopo liko katika rafu ya ofisi yangu hadi leo. Nimelitazama mara moja kwa darubini ya maabara: chembe zake nyingi ni chini ya mikromita 80, na pembe zake hazijaviringika.